"Bure" Hii Hulipwa na Nani?



Yako maneno ambayo zama zetu zimeyageuza maana, na neno "bure" ni la mbele katika hayo. Wazee wetu walilijua vizuri. Maji ya kisima cha wakfu yalikuwa bure kwa sababu alikuwapo mtu, mume au mke, aliyetoa mali yake kisima kikachimbwa, kisha akaweka sharti kwamba hakiuzwi wala hakirithiwi. Chuo cha Kurani kilikuwa bure, au karibu na bure, kwa sababu mwalimu alivumilia na wazee wa watoto walileta walichojaaliwa. Kila palipokuwa na bure palikuwa na mlipaji, na watu walimjua ni nani, na aliyekunywa alimwombea dua. Bure ya leo haina mlipaji ajulikanaye. Tunaifungua katika simu, tunasoma, tunaifunga, wala hatuulizi.

Makala haya yanauliza. Tena hayaulizi khabari za makampuni makubwa ya khabari, ambayo yana mahasibu na mawakili wao. Yanauliza khabari za mtu mmoja apendaye jambo lake, aliyeanzisha tovuti kwa mapenzi tu, jioni baada ya kazi. Yuko apendaye mashairi, yuko apendaye stempu, yuko akusanyaye mapishi ya bibi yake, yuko aandikaye khabari za mitaa ya mji wake jinsi ilivyokuwa, na yuko awatazamaye ndege. Watu hawa wameujaza mtandao ilimu yenye manufaa, na wengi wao hawajapata senti moja. Kisha mwaka ukifika, ada ya kuhifadhiwa zile kurasa hudaiwa, na mtu akilalamika kidogo tu mbele ya wenzake huambiwa: "Weka matangazo, yatajilipa yenyewe."

Shauri hili, kwa namna linavyotolewa siku hizi, ni shauri baya. Wala si kwa kuwa kupokea ujira ni vibaya. Mwenye kutumika anastahili ujira wake, na hapana mtu wa akili atakayelikanusha hilo. Ubaya wake ni kwamba mtu anaambiwa aukodishe ukuta wa nyumba yake kwa asiyemjua, aandike juu yake maneno ambayo yeye mwenyewe hatayaona, mbele ya macho ya wageni aliowakaribisha yeye.

Hebu tutazame jambo hili lilianzia wapi. Mwezi wa Oktoba 1994 jarida moja la Marekani lililokuwa likitolewa mtandaoni, HotWired, liliweka juu ya kurasa zake mabango ya matangazo, na lililokumbukwa kuliko mengine ni la kampuni ya simu ya AT&T. Mwaka huo huo ilianza huko huko Marekani kampuni iliyokuja kuitwa GeoCities, iliyomgawia mtu yeyote kiwanja mtandaoni bila ya malipo, ajenge ukurasa wake apendavyo. Watu wakajenga kwa furaha. Lakini kiwanja hakikuwa chao, na matangazo yaliyokuja kubandikwa katika kurasa zao hawakuyachagua wao. Mwaka 1999 Yahoo iliinunua GeoCities kwa mabilioni ya dola. Mwaka 2009 ikaifunga, na mamilioni ya kurasa zikaondoka, ila zile zilizowahiwa kuokolewa na watu wa kujitolea. Aliyeweka hapo picha za harusi ya dada yake na aliyeweka hapo utafiti wa miaka kumi juu ya vipepeo walitendewa sawasawa.

Iko kampuni nyingine ya namna hiyo, Tripod, na kisa chake chastahili kukaliwa kidogo. Bwana Ethan Zuckerman, aliyekuwa akifanya kazi hapo katika miaka ya 1990, alieleza mwaka 2014 katika jarida la The Atlantic jinsi alivyobuni lile tangazo linaloudhi watu wote, linalochomoka lenyewe katika dirisha jipya juu ya kile unachokisoma. Kisa ni kwamba kampuni moja kubwa ya magari ilikasirika ilipoona tangazo lake limekaa katika ukurasa wa mambo ya aibu. Ndipo akaitunga njia ya kulitoa tangazo nje ya ukurasa, ili lisionekane limefungamana nao. Katika makala hayo aliomba radhi kwa alilolifanya. (Bwana huyu si mgeni kabisa kwetu: ni mmoja wa waasisi wa Global Voices, ambako Mtanzania mwenzetu Ndesanjo Macha, mmoja wa waliotangulia kuandika kwa Kiswahili mtandaoni, alikuwa mhariri wa khabari za Afrika kusini mwa Sahara.)

Zingatia jambo hili, msomaji. Mwenye magari aliona haya kukaa karibu na ukurasa asioupenda, na akasikilizwa, hata ikabuniwa hila nzima kwa ajili yake. Jee, mwenye ukurasa anayeona haya kukaa karibu na tangazo asilolipenda alisikilizwa na nani? Tangu mwanzo biashara hii ilijua kulinda heshima ya upande mmoja tu.

Mwaka 2003 Google ilileta mpango wake uitwao AdSense, na hapo ndipo mlango ulipofunguliwa kwa mtu mdogo. Kabla ya hapo mwenye tovuti ndogo hakuwa na njia ya kumpata mwenye bidhaa. Ni nani atakayesafiri kuja kutangaza katika ukurasa wa watu mia mbili? Mpango huu ulimwondolea taabu. Anabandika maandishi machache ya mashine katika ukurasa wake, na nafasi zake zinaingia mnadani. Kila msomaji anapofungua ukurasa, mnada hufanyika kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na aliyetoa bei ya juu ndiye tangazo lake linalotokea. Kwa maelezo ya Google yenyewe, mwenye ukurasa hupata takriban asilimia 68 ya fedha.

Na iko siri moja ambayo wengi wenye tovuti hawaijui au hawaitafakari. Tangazo hilo mara nyingi halimfuati mwandishi wala maudhui, linamfuata msomaji. Mashine inajua aliyefungua yuko wapi, anatumia simu ya namna gani, juzi alitafuta nini. Kwa hivyo mwenye tovuti akifungua ukurasa wake nyumbani kwake anaona tangazo la viatu, na akaridhika kwamba mambo ni safi. Saa hiyo hiyo kijana wa Ngaramtoni amefungua ukurasa ule ule, na yeye anaonyeshwa mkopo wa haraka. Mhariri wa gazeti la zamani aliliona tangazo kabla ya msomaji, akaweza kulirudisha. Huyu wa leo hajaliona, wala hataliona.

Chukua mfano wa hapa petu Momela. Tuseme yuko mtu katika vijiji vya upande huu wa Mlima Meru apendaye ndege wa maziwa. Na maziwa yetu yanastahili kupendwa: Momela Kubwa na Momela Ndogo, Rishateni, Tulusia, Kusare, Lekandiro, kila moja na rangi yake ya maji, yote yakiwa ndani ya hifadhi iliyoanza mwaka 1960 kwa jina la Ngurdoto na ambayo tangu mwaka 1967 tunaiita Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Heroe huja na kuondoka katika maji haya ya magadi. Yuko na bata mmoja mdogo aitwaye Maccoa, ambaye dume lake huwa na mdomo wa buluu wakati wa kuzaana, na wapenzi wa ndege husafiri mbali kuja kumtazama. Mtu wetu anaandika kwa Kiswahili: leo nimeona wangapi, ziwa gani, maji yamepungua kiasi gani. Hii ni kazi ya ilimu. Baada ya miaka ishirini ya kuandika hivyo, mtaalamu wa chuo kikuu atakuja kumbembeleza ampe daftari lake.

Sasa ampe sikio yule anayemwambia aweke matangazo. Jee, atapata nini? Tufanye hesabu ya mfano tu. Tuseme ana bahati, kurasa zake zinafunguliwa mara 2,000 kwa mwezi, na kila mara 1,000 zinamletea nusu ya dola. Amepata dola moja kwa mwezi. AdSense haimlipi mtu mpaka fedha zake zifike dola 100. Basi itambidi angoje miezi 100, yaani miaka minane na miezi minne, ndipo aone malipo ya kwanza. Kwa muda wote huo matangazo yatakuwa yamekaa usoni pa wasomaji wake, wenye bidhaa watakuwa wamekwisha kutangaza, na yeye mkono wake mtupu. Ada ya kuhifadhi tovuti ndogo ni dola chache kwa mwezi, tangazo halikuilipa. Kilichopatikana ni kwamba ukurasa wake umekuwa mzito kufunguka, na msomaji mwenye kifurushi kidogo cha simu amemaliza vocha yake kwa kupakua picha za vitu asivyovitaka.

Watakuja wasema kwamba huyo ni mtu wa ndege, apanue kazi yake apate wasomaji zaidi. Hapa ndipo penye madhara makubwa kuliko hayo ya vocha, na naomba tupakalie.

Bei ya tangazo haiko sawa duniani. Msomaji wa Marekani au Ujerumani ana bei kubwa kwa sababu mfuko wake ni mkubwa. Msomaji wa Usa River au Tanga ana bei ndogo. Maneno nayo yana bei. Neno "safari", neno "kupanda Kilimanjaro" na neno "hoteli", kwa Kiingereza, yanagombaniwa na makampuni mengi ya utalii ya Arusha na ya ng'ambo. Idadi ya bata Maccoa kwa Kiswahili haigombaniwi na mtu. Mtu wetu si mpumbavu. Akiziona hesabu zake mwisho wa mwezi atajua ni ukurasa upi uliomletea senti tatu na upi uliomletea senti arubaini. Kwanza ataandika makala moja kwa Kiingereza juu ya mahali pa kulala karibu na hifadhi. Halafu ya pili. Halafu yale ya Kiswahili atasema nitayaandika nikipata nafasi. Hapana aliyemlazimisha, hapana aliyempiga marufuku. Lakini ukiifungua tovuti yake baada ya miaka mitatu utakuta duka la kupeleka wageni, na bata wamebaki picha tu juu ya mlango.

Hivyo ndivyo lugha inavyonyimwa vitabu bila ya kitabu kimoja kuchomwa moto. Kiswahili kinasemwa na mamilioni ya watu, lakini mnadani kinapimwa kwa mifuko ya wasemaji wake. Anayeandika kwa Kiswahili juu ya udongo, juu ya nyota, juu ya ugonjwa wa migomba, akitegemea tangazo limlipe, amejifunga kwa mlipaji ambaye kila mwezi anamwambia kwa tarakimu kwamba wasomaji wake hawana thamani. Wachache ndio wanaoweza kuvumilia kuambiwa hivyo miaka nenda miaka rudi.

Sasa tuje katika yale yanayoandikwa ukutani. Hapa kwetu, ni nani wenye fedha za kutangaza kwa wingi kwa kijana mwenye simu? Wamo wauza sabuni na wauza simu, na hao hatuna neno nao. Wamo pia wenye kamari za mpira, na wamo wenye mikopo ya simuni ambayo watu wenyewe wameiita kausha damu. Mwezi wa Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila ya leseni. Kenya, mwezi wa Aprili 2025, bodi inayosimamia michezo ya kubahatisha ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30, na serikali haichukui hatua kama hiyo ila jambo limekwisha kuwakera watu. Hizi ndizo biashara zinazomtafuta msomaji wetu popote alipo. Ataikuta kamari katika ukurasa wa mashairi, na mkopo wa riba katika ukurasa wa mapishi ya futari.

Tuseme kweli: kampuni kubwa kama Google zimeweka mahali ambapo mwenye tovuti anaweza kuzuia aina fulani za matangazo, kamari ikiwamo. Hilo ni jema. Lakini ni wangapi wanaofungua orodha hiyo na kuisoma? Na zipo njia nyingine nyingi za kuletewa matangazo, zisizo na masharti ya namna hiyo, ambazo ndizo zinazompokea mtu aliyekataliwa na kampuni kubwa kwa kuwa tovuti yake ni ndogo mno. Anayeingia huko anaingia gizani.

Wanavyuoni waliijadili zamani mas'ala ya mtu anayekodisha nyumba yake hali anajua kwamba mpangaji ataifanya duka la ulevi, na wengi wao walikataza. Mwenye nyumba hakunywa wala hakuuza, lakini amejua, na amepokea kodi. Mwenye tovuti wa leo ana udhuru mmoja tu ambao mwenye nyumba yule hakuwa nao, kwamba yeye hajui. Ni udhuru wa namna gani huu, ikiwa kutojua kwenyewe amekuchagua, kwa kuwa kujua kunahitaji kazi ya nusu saa?

Yasemekana na wengine kwamba haya ni mambo ya macho tu, mtu anaweza kulipita tangazo asilitazame. Laiti ingekuwa hivyo. Anayeletewa matangazo bure analipia kwa khabari zake mwenyewe, na khabari hizo zina soko lake. Hatuhitaji kukisia, maana kisa kimetokea kwetu Waislamu. Iko programu ya simu iitwayo Muslim Pro, iliyotengenezwa Singapore, inayoonyesha nyakati za sala na upande wa kibla. Hupatikana bure na ilikuwa imepakuliwa mara zaidi ya milioni 98. Mwezi wa Novemba 2020 waandishi wa Motherboard walifichua kwamba khabari za mahali walipo watumiaji wake zilikuwa zikipelekwa kwa kampuni ya X-Mode, nayo X-Mode iliuza khabari za namna hiyo kwa wakandarasi, na kwa njia ya hao zikafika katika jeshi la Marekani. Wenye programu walikana kwamba waliliuzia jeshi, na wakatangaza kuwa wamekata uhusiano na wale waliokuwa wakipelekewa khabari hizo. Mwezi wa Januari 2024 tume ya biashara ya Marekani iliipiga marufuku X-Mode, iliyokuwa imekwisha kubadili jina na kuitwa Outlogic, kuuza khabari za mahali nyeti watu wanapokwenda.

Muslim Pro ni kampuni, si kazi ya mtu mmoja baada ya saa za kazi, na sina nia ya kumfananisha mpenda ndege wa Momela nao. Nimekitaja kisa hiki kwa sababu njia ni ile ile. Mtu alikuwa akitafuta kibla, na hatua zake zikawa bidhaa. Maandishi machache ya mashine unayoyabandika katika ukurasa wako yanafungua mlango, na wewe uliyebandika huna ufunguo wa mlango huo wala hujui wanaopita ni akina nani.

"Basi tufanyeje, tuzifunge?" Hili ndilo jawabu ninalolisikia kila mara, na hulitolewa kwa hasira kidogo, kana kwamba anayekosoa anawatakia watu ujinga.

Kwanza, kufunga si fedheha. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipokuwa Mombasa alitoa mwanzoni mwa miaka ya 1930 karatasi yake ya Sahifa, kisha mwaka 1932 akatoa gazeti la Al-Islah. Hayakudumu, Al-Islah halikufika mbali. Lakini maandishi ya Sahifa yalikusanywa katika kitabu cha Uwongozi, na mpaka leo yanasomwa na kubishaniwa, na mtu aliyezaliwa baada ya miaka hamsini anayanukuu. Umri wa chombo si kipimo cha kazi yake. Ukurasa uliosimama miaka minne ukiwa na maneno ya kweli, kisha ukahifadhiwa mahali na kufungwa kwa adabu, umetenda kazi kuliko ule uliosimama miaka ishirini na katikati yake ukageuka kibanda cha mikeka ya kubeti.

Pili, si kweli kwamba hapana njia nyingine. Wikipedia ilianza Januari 2001, na mwaka uliofuata, 2002, ilipotajwa tu kwamba huenda ikaja kuchukua matangazo, wengi wa waandishi wake wa Kihispania waliondoka wakaanzisha ensaiklopedia yao wenyewe. Hawakungoja tangazo la kwanza litokee. Wikipedia yenyewe mpaka leo haina matangazo. Inaishi kwa michango. Ile ya Kiswahili ilianza mwaka 2003 na imejengwa na wachache wenye subira, makala baada ya makala, bila ya ujira.

Khabari za hiyo ya Kiswahili zina funzo jingine. Mwishoni mwa mwaka 2009 Google iliwaandalia wanafunzi wa vyuo vya Afrika Mashariki shindano la kuandika makala za Wikipedia ya Kiswahili, na zawadi zake zilikuwa kompyuta, simu na mfano wa hizo. Makala mamia zikaandikwa kwa muda mfupi, na washindi wakapewa vyao mwanzoni mwa mwaka 2010. Baada ya zawadi kwisha wengi hawakuonekana tena, na waliobaki kusahihisha na kupanga ni wale wale waliokuwapo kabla. Siwalaumu wanafunzi, walialikwa katika shindano, wakashindana. Lakini palionekana wazi ni fedha zipi zinazojenga mazoea na zipi zinazoleta umati wa siku moja.

Wala sitaki kuwapaka mafuta wasomaji. Kamusi iliyoitwa Kamusi Project ilianzishwa mwaka 1994 katika Chuo Kikuu cha Yale na Bwana Martin Benjamin, ikiwa kamusi ya Kiswahili na Kiingereza inayotolewa mtandaoni bila ya malipo, na watu wa kujitolea kutoka pande nyingi waliongeza maneno yao. Wanafunzi, wafasiri, wageni, hata sisi wenyewe tuliokuwa tukibishana juu ya neno, tuliitumia. Kila ruzuku ilipopungua, kazi iliyumba. Jee, ni wangapi kati yetu tulioitumia ambao tuliwahi kupeleka chochote? Tunamlaumu mwenye tovuti kwa kubandika kamari, na sisi tuliotaka kila kitu bure ndio tuliomsukuma mnadani.

Na serikali nayo ina sehemu yake katika kusukuma huku. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizotoka Tanzania mwaka 2018 zilimtaka mwenye kuendesha ukurasa alipe shilingi 100,000 za maombi, shilingi 1,000,000 za leseni na shilingi 1,000,000 nyingine za mwaka. Mwezi wa Juni mwaka huo, wasiokuwa na leseni waliamriwa wasimamishe kazi, na hata JamiiForums, iliyokuwa mashuhuri, ilijifunga kwa muda. Kanuni zilitungwa upya mwaka 2020 na zimerekebishwa tena baada ya hapo. Simo katika siasa ya jambo hili. Nasema tu kwamba aliyetoza milioni mbili kwa mtu aandikaye kwa mapenzi alimlazimisha ama anyamaze, ama awe mfanyabiashara. Wengi walionyamaza ndio hao waliokuwa hawana cha kuuza.

Kwa hivyo, wewe mwenye tovuti, ukitaka kuchukua tangazo, lichukue kwa mkono wako. Nenda kwa mwenye duka la vitabu, mwenye kiwanda cha uchapaji, fundi wa darubini, mwenye nyumba ya wageni unayeijua sifa yake. Mwambie nafasi ni hii, kwa mwaka ni kiasi hiki, picha ni moja na haitembei. Uione kwanza, kisha uibandike wewe. Hivi ndivyo majarida yetu yalivyokuwa yakiuza jalada lake la nyuma, na mhariri aliposema la, ilikuwa la. Utapata kidogo, lakini katika mnada pia ulikuwa ukipata kidogo.

Na nyinyi wasomaji, hesabu ni nyepesi. Tuchukue kwamba ada ya ukurasa wa ndege wa Momela ni dola tano kwa mwezi; hizo ni dola 60 kwa mwaka. Wakigawana watu kumi na wawili, kila mmoja ametoa dola tano kwa mwaka mzima, nao ni kiasi ambacho wengi wetu tunakimaliza kwa soda katika wiki mbili. Majina yao yaandikwe chini ya ukurasa, na asiyetaka lake liandikwe aachwe. Mwenye hoteli ya karibu na lango la Momela akitaka naye kutia mkono, akaribishwe kwa dola zake tano, na jina lake liandikwe pamoja na wenziwe kwa herufi zile zile.